Baiskeli ya Luhende Kwenye Mzani

Luhende alikuwa na miaka arobaini na saba siku alipopitwa na muuza mkaa.

Ilikuwa asubuhi ya mwezi wa nne, kwenye mwinuko ulio kabla ya kuingia Buhongwa ukitokea Usagara. Hakuwa na mzigo, isipokuwa chupa ya maji na kipande cha muhogo kwenye mfuko wa koti. Hata hivyo katikati ya mwinuko alishuka, akaanza kuikokota baiskeli huku akihema. Ndipo aliposikia mlio wa cheni nyuma yake. Mzee mmoja mwembamba, mwenye ndevu nyeupe, akampita akiwa bado amekaa kwenye tandiko, na nyuma yake magunia mawili ya mkaa yamefungwa kwa mpira. Alipofika usawa wa Luhende akageuza kichwa, akasema kwa upole kabisa, "Pole, ndugu yangu." Kisha akaendelea kupanda.

Nimemsikia Luhende akisimulia habari hii zaidi ya mara moja, maana sisi ni majirani hapa Usagara, na hajawahi kuliacha lile neno "pole". Angetukanwa, anasema, ingekuwa afadhali.

Wakati huo alikuwa mpimaji kwenye mashine ya kukoboa mpunga pale Buhongwa, pembeni mwa barabara ya Shinyanga. Mwenye mashine, mzee Maige, ndiye pia aliyenunua mpunga wa wakulima waliotoka vijiji vya Misungwi. Gunia likishushwa linawekwa kwenye mzani, Luhende anasoma namba kwa sauti, anaiandika kwenye daftari, mkulima anapewa karatasi yake. Kazi hiyo alikuwa ameifanya kwa miaka kumi na moja. Alikuwa mtu wa shati safi na kalamu juu ya sikio, na aliipenda sauti yake mwenyewe anaposoma namba. Watu walimwita Mwalimu. Hakuwahi kufundisha popote, lakini hakuwakatalia.

Baiskeli yake ilikuwa ya chuma kitupu, gia moja, ya zile ambazo Usukumani karibu kila nyumba imewahi kuwa nayo. Nyuma ilikuwa na keria ya nondo, iliyochomelewa kwa ajili ya kubeba magunia. Ilikuwa na madigadi mawili mazito ya kuzuia tope, stendi ya miguu miwili, bati la kufunika cheni, dainamo na taa kubwa ya mbele. Luhende alikuwa ameiendesha miaka yote hiyo bila kuufikiria uzito wake. Baada ya muuza mkaa hakufikiria kitu kingine.

Siku hiyo hiyo, wabeba mizigo walipokwenda kula, aliinyanyua akaiweka juu ya mzani wa kazini. Namba nyekundu zikacheza, zikatulia: kilo ishirini. Akaiandika nyuma kabisa ya daftari, kwenye ukurasa ambao hakuna aliyeufungua. Jumamosi akaipeleka kwa Elias, fundi baiskeli wa hapa kwetu.

"Tatizo nini?" Elias akauliza, akaigeuza baiskeli miguu juu.

"Haina tatizo. Ni nzito. Nataka uipunguze."

Elias akamtazama kuona kama anatania. "Mwalimu, watu wananiletea baiskeli niwaongezee keria, niwaongezee spoku zibebe mzigo. Wa kupunguza ni wewe wa kwanza."

"Wewe punguza tu."

Wakaanza na stendi. Tangu siku ile baiskeli ikawa inaegeshwa ukutani. Halafu bati la cheni, halafu dainamo na taa yake, halafu madigadi. Kila kitu kilipotoka, Luhende aliirudisha baiskeli kwenye mzani wa kazini na kuandika. Elias akamtafutia rimu za aluminiamu za mtumba na pedali za plastiki. Akaukata usukani vidole vitatu kila upande. Akalipunguza hata bomba la tandiko, kile kipande kinachokaa ndani ya fremu ambacho hakuna anayekiona.

Mvua za mwisho zilipopiga, Luhende akawa anafika kazini na mstari wa tope mgongoni, kuanzia kiunoni hadi kwenye kola. Wabeba mizigo wakacheka. Naye akaanza kubeba shati la pili kwenye mfuko wa plastiki, akawa akifika Buhongwa anabadilisha nyuma ya ghala.

Keria ilitoka mwisho. Mkewe, Suzana, alikuwa akikaa juu ya keria ile kila Jumapili kwenda kanisani, ameweka kitenge kilichokunjwa ili nondo zisimuumize. Siku alipoikuta imeegemezwa kwenye ukuta wa jiko, aliitazama kwa muda.

"Na mimi, Baba Kulwa?" akauliza. Kulwa ni mtoto wao wa kwanza.

"Kanisa si mbali. Na siku hizi bajaji ziko nyingi."

Jumapili Suzana akaondoka mapema na wanawake wenzake kwa miguu. Luhende akawafuata na baiskeli yake, akaona aibu kuwapita, akaona aibu pia kubaki nyuma yao, mwishowe akashuka na kutembea akiikokota mpaka mlangoni mwa kanisa. Hilo nalo lingetosha kumfundisha kitu, anasema mwenyewe, lakini kichwani alikuwa na namba.

Mwishoni mwa mwezi wa tano mzani wa kazini ulisoma kilo kumi na nne na pointi nne. Aliita namba hiyo mara mbili kwa sauti, kama anavyoita gunia la mkulima. Mwinuko wa Buhongwa sasa aliupanda bila kushuka. Akaanza kuwaambia watu. Aliwaambia wabeba mizigo, aliwaambia madereva wa malori, alimwambia hata mchungaji. "Baiskeli ya chuma, gia moja, kilo kumi na nne na nusu. Mwanza nzima hamtaipata nyingine."

Jumamosi moja akaiendesha mpaka Luchelele, ufukweni, kumwonyesha Salum. Salum alisoma naye shule ya msingi, na sasa ni mnunuzi wa samaki. Mitumbwi inapofika yeye huwa amesimama kwenye mchanga na mzani wake wa kuning'iniza, ule wenye uso wa duara na mshale, ndoano ikiwa tayari kwa sangara. Siku ile kulikuwa na wavuvi kama kumi, na wanawake waliokuwa wakianika dagaa.

"Kilo ngapi, umesema?" Salum akauliza.

"Kumi na nne na nusu. Usibishe, mimi ni mtu wa mzani."

"Mimi je, ni mtu wa nini?" Salum akacheka. "Lete hapa."

Wakaitundika baiskeli kwenye ndoano kwa bomba la fremu, ikazunguka taratibu kama samaki mkubwa, matairi yakidondosha mchanga. Kila mtu akasogea. Mshale ukapita kumi na nne, ukapita kumi na tano, ukasimama.

"Kumi na sita!" mvuvi mmoja akapiga kelele.

Kicheko kilichofuata kilisikika mpaka kwenye mitumbwi. "Mwalimu, imenenepa njiani!" "Labda imekunywa maji ya ziwa!" Mwanamke mmoja wa dagaa aliweka mikono kiunoni na kumwigiza: kilo kumi na nne na nusu, Mwanza nzima.

"Mzani wako ni mbovu, Salum," Luhende akasema kwa sauti ya juu. "Unaongeza."

Salum bado alikuwa akicheka. "Unaongeza? Luhende, mimi nanunua. Mzani wangu ukiongeza, ninawalipa hawa wavuvi kwa samaki ambao hawapo. Umewahi kuona mnunuzi anayejiibia mwenyewe? Mnunuzi akitaka kuiba, mzani wake unapunguza..."

Hapo akanyamaza. Alikuwa amelisikia neno lake mwenyewe. Akamtazama Luhende, na kicheko kikamwisha usoni.

"Ulipimia wapi?" akauliza polepole.

"Kazini."

Wavuvi walikuwa bado wanacheka. Salum akaishusha baiskeli kwenye ndoano, akaifuta mchanga kwa kiganja, akamkabidhi. "Twende tunywe chai," akasema. Luhende akakataa. Akapanda baiskeli akaondoka, na njia yote ya kurudi, anasema, alijaribu kuamini kwamba Salum ni mwongo.

Jumatatu alifika kazini kabla ya watu. Pembeni ya ghala kulikuwa na mifuko ya saruji, maana Maige alikuwa akijenga ukuta. Kila mfuko umeandikwa kilo hamsini, umefungwa kutoka kiwandani. Luhende akabeba mmoja, akauweka juu ya mzani.

Arobaini na tano.

Akautoa, akaweka mwingine. Arobaini na tano. Wa tatu pia. Akaipangusa saruji iliyodondoka kwenye sahani ya mzani kwa mkono wa shati, akaketi juu ya magunia.

Hesabu yake haikuwa ngumu, na yeye alikuwa mtu wa hesabu. Gunia la mpunga la kilo themanini, kwenye mzani ule, linasoma sabini na mbili. Mzani huo uliletwa misimu miwili iliyopita. Magunia yote yaliyopita hapo tangu wakati huo aliyasoma yeye, kwa sauti yake ile.

Lakini kilichomkalisha chini si hesabu. Ni kwamba alikuwa ameambiwa. Wakulima walilalamika tangu msimu wa kwanza, na yeye ndiye aliyekuwa na majibu. Alimwambia huyu mpunga wake umekauka njiani, yule kwamba debe la nyumbani si kipimo. Na alikuwa ameona jambo. Siku ambazo wakaguzi wa vipimo walitarajiwa, Maige mwenyewe alikuja alfajiri na ufunguo mdogo, akakaa peke yake na mzani, na siku hiyo nzima magunia yalikuwa mazito. Luhende aliliona hilo kwa macho yake na hakuuliza. Alikuwa na shati safi na kalamu.

Kati ya waliolalamika alimkumbuka zaidi mzee Luhaga, mkulima wa kijiji kimoja cha ndani, upande wa Misungwi. Msimu uliopita alileta magunia sita. Aliposomewa sabini na mbili, alivua kofia.

"Mwanangu, gunia hili nimelijaza debe saba, kama ninavyojaza miaka yote. Miaka yote linatoa themanini. Kilo nane zimekwenda wapi?"

Kulikuwa na foleni ndefu na jua kali, na Luhende akataka kuwachekesha watu. "Mzee, hilo usiniulize mimi," akasema. "Ulizia nyumbani kwako. Labda una panya wa miguu miwili."

Foleni yote ilicheka. Mzee Luhaga alivaa kofia yake, akachukua karatasi, akaondoka.

Maige alipofika saa tatu, Luhende akamfuata ofisini na kumwambia habari ya saruji. Alidhani atakataa. Maige hakukataa. Alimsikiliza mpaka mwisho huku akikoroga chai.

"Mizani yote ya barabara hii iko hivyo," akasema. "Mimi nikiuweka sawa peke yangu, nitafunga mwezi huu, na wewe na wenzako kumi na wawili mtarudi nyumbani. Hilo ndilo unalotaka?"

"Hapana, mzee. Lakini wakulima..."

"Wakulima wanajua. Kila mtu anajua. Wewe tu ndiye ulikuwa hujui, na wewe ndiye mpimaji." Akacheka kidogo, bila ubaya. "Nasikia unahangaika na baiskeli. Mtu mzima unaendesha baiskeli isiyo na madigadi kama mtoto. Njoo."

Nyuma ya ghala, chini ya turubai, kulikuwa na baiskeli ya mtumba ya Kijapani. Fremu ya aluminiamu, gia moja, madigadi membamba, keria ndogo nadhifu, hata kengele. Maige aliinyanyua kwa mkono mmoja, akamnyooshea.

"Nilimnunulia mkwe wangu, hakuitaka. Chukua."

Luhende anasema mkono wake ulinyooka wenyewe. Anasema hivyo kila mara, kisha anajirekebisha: hapana, mkono haunyooki wenyewe. Aliipokea. Akasema asante mzee. Jioni akaiendesha kurudi Usagara, na ile ya chuma aliituma siku ya pili kwa lori la jirani, ikatupwa nyuma ya nyumba.

Suzana alifurahi. Baiskeli ilikuwa na keria, naye akarudi kukaa nyuma Jumapili, kitenge kimekunjwa, akiwaambia dada zake kwamba bosi anamthamini mume wake. Luhende akakanyaga pedali mbele yake.

Msimu wote aliendelea kupima. Mwezi wa sita, wa saba, mpaka wa nane. Kilichobadilika ni sauti. Hakusoma tena namba kwa nguvu. Aliziandika na kuikunja karatasi kabla ya kuitoa. Akazoea kutazama magunia, si watu. Mkulima akimsalimia "Shikamoo Mwalimu" alijibu akiwa ameinama kwenye daftari. Wengine walidhani amepata majivuno kwa sababu ya baiskeli. Mara nne, anasema, alipanga kuacha kazi, na mara nne alirudi asubuhi iliyofuata kwa sababu Kulwa alikuwa kidato cha tatu, au kwa sababu ya paa, au kwa sababu tu kwenda kazini kulikuwa rahisi kuliko kutokwenda.

Katikati ya mwezi wa nane akaja mwanamke wa miaka thelathini na kitu na magunia manne kwenye mkokoteni wa ng'ombe. Aliandikisha jina: Dorcas Luhaga.

Luhende akainua macho kabla hajajizuia. "Mzee Luhaga hajambo?"

"Baba alifariki, mwezi wa pili," Dorcas akasema. "Shikamoo. Hukusikia?"

"Marahaba. Sikusikia. Poleni sana."

"Tumeshapoa. Shamba nimebaki nalo mimi." Akakaa juu ya gunia lililokuwa likisubiri zamu. "Kaka yangu Ngosha angekuwepo angesaidia, lakini yuko Geita, anafyatua tofali. Baba alimfukuza mwaka jana."

Dorcas akaendelea mwenyewe, kama mtu anayemweleza aliyeijua habari tangu mwanzo.

"Si alikuwa anaiba mpunga. Anachota kwenye magunia kabla hayajaja huku. Alikataa mpaka kwa mchungaji, aliapa, lakini kilo nane kwa kila gunia zitakwenda wapi? Baba alikuambia wewe, nawe ukamfumbua macho. Alikuwa anasema hivyo siku zote: yule mpimaji wa Buhongwa ndiye aliyenifumbua macho." Akatikisa kichwa. "Ngosha alikuja mazishini akasimama kule nyuma kwenye mkonge. Hakuna aliyempa mkono. Hata mimi."

Gunia lake la kwanza lilikuwa juu ya mzani. Namba nyekundu zilikuwa zimetulia kwenye sabini na moja.

Luhende akaandika sabini na moja.

Akaandika na magunia mengine matatu. Akaikunja karatasi, akampa. Dorcas akaipokea kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo, akasema, "Asante, baba."

Luhende alitoka kazini mchana ule ule akisema anaumwa. Suzana alikuwa anachambua mchicha uani alipomwona anaingia anaikokota baiskeli, saa ambayo hajawahi kurudi. Akamwambia yote akiwa amesimama, hajaegesha. Suzana hakuacha kuchambua mpaka Luhende alipofika kwenye habari ya Ngosha.

"Umejua tangu lini?" akauliza.

"Mwezi wa sita."

"Kabla ya baiskeli hii au baada?"

"Kabla."

Suzana aliinuka, akajifuta mikono kwenye kanga. "Mimi nimekaa nyuma ya kitu hiki," akasema, "nimewapungia watu mkono." Akaingia ndani. Kwa siku mbili alimwekea chakula na kumsalimia, basi.

Asubuhi iliyofuata Luhende aliipeleka baiskeli ya Kijapani kwa Maige, akaiegesha mbele ya mlango wa ofisi, akaweka daftari juu ya keria. Maige alimwita mpumbavu. Kutoka hapo alikwenda kwenye ofisi ya vipimo, akaeleza habari ya saruji, ya ufunguo mdogo, na ya alfajiri za ukaguzi. Wiki haikuisha wakaguzi wakaja bila taarifa, wakaujaribu mzani, wakaufunga kwa lakiri. Maige alitozwa faini na kununua mzani mwingine. Kwa watu alisema kwamba mpimaji wake ndiye aliyeuchezea, na kwamba ndiyo maana amemfukuza.

Nusu ya watu waliamini hivyo. Ninakumbuka vizuri, maana mimi nilikuwa mmoja wao. Jumapili moja Luhende alisimama kanisani, akaomba nafasi, akasema alisoma namba za uongo na kuna miezi miwili alijua kuwa ni za uongo. Alikuwa ameshika mgongo wa benchi. Mwanaume mmoja wa nyuma alitoka nje akaubamiza mlango. Waliobaki walitazama sakafu. Hakujitetea kuhusu ufunguo wa Maige. Nilipomuuliza baadaye kwa nini hakusema, alijibu, "Ningesemaje nimesafika, nao wote waliniona na ile baiskeli?"

Lakini kwa Dorcas alikuwa hajakwenda. Alikwenda ofisi ya serikali, alikwenda kanisani, alitembelea nyumba za wakulima saba ambao majina yao aliyakumbuka. Nyumba ya Luhaga aliikwepa. Mara mbili alifika njia panda ya kijiji kile akageuza. Ni Suzana aliyemuuliza, mwezi wa tisa, wakiwa wanapalilia viazi: "Kwa yule binti umeshafika?" Akasema bado. Suzana akampokonya jembe mkononi.

Luhende akaiokota ile baiskeli ya chuma nyuma ya nyumba, akazijaza tairi upepo, akaenda. Ni kama saa mbili za barabara ya vumbi. Alifika kola imejaa vumbi jekundu, akamkuta Dorcas, ufagio mkononi, anatandaza mtama juani kwenye mkeka. Dorcas alimkaribisha kwa furaha, akamletea kigoda na bilauri ya maji ya kunywa. Luhende aliyashika maji bila kunywa.

"Dorcas, kaka yako hakuiba," akasema. "Mzani ulikuwa unapunguza. Kilo nane kila gunia, kwa kila mtu. Na lile neno la panya nililisema ili watu wacheke. Sikuwa na sababu. Nilisema tu."

Dorcas aliendelea kuushika ufagio. Ilichukua muda kabla ya kuelewa, na Luhende aliona kila hatua usoni mwake: baba yake, kaka yake kule nyuma kwenye mkonge, mkono ambao hakuutoa.

"Nilipokuja mwezi wa nane," akasema mwishowe, "nikakwambia yale yote. Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Ukapima."

"Nikapima."

Akautupa ufagio. Luhende akadhani atampiga, na anasema alitamani ampige. Badala yake Dorcas aliingia ndani akatoka na simu. Vidole vyake vilikosea namba, akarudia. Ilipoita aliiweka sikioni, akasema, "Ngosha, ni mimi. Usikate. Kuna mtu hapa ataongea." Akamnyooshea Luhende simu bila kumtazama.

Luhende akaipokea. Upande wa pili kulisikika sauti za watu na majembe.

"Nani?" Ngosha akauliza.

"Mimi ni Luhende. Nilikuwa mpimaji pale Buhongwa. Kilo nane zilizomfanya baba yako akufukuze, hukuziiba wewe. Mzani ulikuwa wa uongo, na mimi ndiye niliyemwambia mzee atafute mwizi nyumbani."

Sauti za majembe zikazidi kuwa mbali, kama mtu anayetembea kuondoka kwenye kundi.

"Baba aliambiwa?" Ngosha akauliza.

"Hapana. Nilichelewa."

Luhende alidhani simu imekatika. Akaitazama, sekunde zilikuwa zinahesabika. Kisha akasikia mlango, na sauti ya mwanamke ikiuliza kuna nini, na Ngosha akirudi karibu.

"Mke wangu alikubali kuolewa nami watu wakiniita mwizi," Ngosha akasema. "Subiri niweke sauti kubwa naye asikie. Haya. Rudia tangu mwanzo."

Luhende akaiweka ile bilauri ya maji chini kwenye vumbi, akashika simu kwa mikono miwili, akaanza tena kwa kutaja jina lake.